Mwenyeji wa Sebuleni

Asubuhi ile Mwantum aliusukuma mlango wa chumba cha ndani, akatoka na tumbo lake la miezi minane, na sebuleni mtu akamwambia, "Karibu."

"Ahsante, mama," akaitikia, akidhani ni mama mkwe wake. Akapiga hatua mbili, akasimama. Sebule ilikuwa tupu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, jua limeshafika kwenye mafiga, na kule mbali kwenye njia ya kisimani Bi Swaumu alikuwa ndio kwanza anarudi na mtungi kichwani, anaongea peke yake kama kawaida yake.

Na hata angekuwa Bi Swaumu, tangu lini mtu akaambiwa karibu anapotoka chumbani mwake mwenyewe?

Ngoja kwanza nikueleze huo mlango, maana balaa lote lilianzia kwenye mlango, na mlango wenyewe ulianzia kwenye kiburi cha Abbasi. Abbasi alikuwa Mrangi wa Kondoa, seremala wa karakana ya reli hapa Dodoma, mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike. Fundi kwelikweli, hilo simnyimi. Lakini alikuwa na ule ugonjwa wa mafundi wa kutokubali kosa. Wadachi walipomfundisha skrubu na bawaba za chuma, ndiyo kabisa, akawa hawezi kupita kwenye mlango wa mtu bila kuutikisa na kuguna. Yeye, mkewe Mwantum na mama yake Bi Swaumu walikaa katika tembe lililojengwa na mzee mmoja wa Kigogo, Matonya, ambaye alikuwa amejijengea jingine hapo hapo jirani. Tembe la kawaida tu: paa bapa la udongo, sebule mbele, chumba kimoja ndani, na katikati yake mlango wa ubao mzito unaofungukia ndani.

Mwantum alikuwa ameshaharibu mimba mbili. Hii ya tatu ilipovuka mwezi wa sita, Abbasi akaapa kwamba mkewe hatajifungulia chini juu ya ngozi ya ng'ombe. Akachonga kitanda. Kitanda kipana, cha miguu minene kama cha bwana mkubwa, na kwa kuwa kisingepita mlangoni akakiunganishia humo humo chumbani, kajifungia ili mkewe asikione kabla hakijakamilika. Alipomaliza akajipangusa jasho, akauvuta mlango atoke. Mlango ukagonga mguu wa kitanda. Ukafunguka upana wa kiganja, basi.

Sebuleni Mwantum alicheka mpaka akakaa chini. "Kipunguze shibiri moja, mume wangu!"

"Kitanda hakina kosa," Abbasi akasema kwenye ule upenyo, pua yake tu ndiyo inaonekana. "Mlango ndio wenye kosa."

Siku hiyo hiyo, nayo ilikuwa Jumapili ambayo karakana hulala, akaugeuza. Akaung'oa kwenye vijiti vyake vya zamani, akachonga miimo kwa patasi, akautia bawaba mbili za chuma alizopewa kazini, na sasa mlango ukawa unafungukia sebuleni. Gogo la kukomea kwa ndani likawa halina kazi tena, akampa mama yake akapikie. Mzee Matonya alipita, akasimama na fimbo yake akitazama.

"Fundi," akasema, "mlango ukifungukia ndani, aliye ndani ndiye anayemfungulia aliye sebuleni. Ukifungukia huku, aliye sebuleni ndiye anayemfungulia aliye ndani. Sasa mwenye nyumba nani?"

"Mwenye nyumba ni mimi, mzee wangu. Mimi niliyeshika bisibisi."

Matonya hakucheka. "Hapo sebuleni mna mtu. Miaka yote niliyokaa humu alikuwa mgeni mwema, anakaa mahali pake, kwa kuwa sisi tulikuwa ndani na yeye nje. Urudishe mlango ulivyokuwa."

Alipoondoka, Abbasi akamkonyeza mkewe na kuonyesha ishara ya kunywa. Na kweli, mzee alikuwa amepata pombe kidogo siku ile. Lakini pombe haimfanyi mtu kuwa mwongo, hasa mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake.

Basi kesho yake ndiyo ile karibu.

"Masikio ya mimba hayo," Abbasi akamwambia mkewe. Bi Swaumu naye akaapa kwamba hakuwepo. Huyu Bi Swaumu alikuwa mama wa adabu za zamani, mtu ambaye hata mbuzi akimpisha njiani humwambia ahsante, na uongo haukuwa kazi yake. Mchana wake Mwantum alilala kidogo, na alipousukuma mlango atoke, akakuta mkeka umetandikwa mbele ya mlango wa chumba, na juu ya mkeka kata ya maji. Maji baridi. Kigoda ambacho Abbasi hukikalia kilikuwa kimesogezwa mbele ya mafiga, mahali pa mwenye nyumba, kikitazama mlango wa ndani.

Hakuna aliyetandika. Mama alidhani ni mke, mke alidhani ni mama, na jioni walipoulizana kila mmoja akakana. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya maziwa yaliyoungulia chunguni, na siku hiyo nyumba hiyo haikuwa na tone la maziwa.

Siku ya pili, adhuhuri, jua likiwa utosini na upepo wa Dodoma ukipeperusha vumbi jekundu mpaka macho yanawasha, walikuta bakuli la ugali wa uwele juu ya mkeka. Ugali unafuka moshi. Mafiga yalikuwa baridi, Bi Swaumu aliyagusa kwa mkono wake. Wakaupeleka ugali kwa mbuzi, na mbuzi, ambao siku nyingine hula hata kamba ya kuwafungia, walirudi nyuma mpaka mwisho wa zizi wakasimama wamebanana. Abbasi alianza kuzunguka. Anatoka, anaingia, anatikisa mlango, anautazama juu na chini, anakwenda karakana na kurudi kabla ya saa yake, akiulizwa anasema kasahau rula.

Siku ya tatu walikuta majembe.

Majembe matatu, ya mpini mrefu, yameegemezwa ukutani kando ya mlango wa chumba cha ndani, na vyuma vyake vina udongo mbichi ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Mwantum ndiye aliyeyaona kwanza. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni ameshika tumbo, akamwita mumewe kwa sauti ya chini, na Abbasi alipofika akamnong'oneza, "Mgeni siku mbili."

Nani asiyejua mwisho wa msemo huo? Siku ya tatu mpe jembe.

"Tupo watatu," akasema Bi Swaumu polepole. "Majembe matatu. Mwanangu, mtu huyu anatuhesabu."

Abbasi akayachukua, akayatupa korongoni, akarudi anatweta. Kesho yake, mchana kweupe, majembe yalikuwa yamerudi mahali pake, yamepangwa vizuri, na sasa yalikuwa manne. La nne lilikuwa dogo. Mpini wake ulikuwa mrefu wa shibiri moja tu, umelainishwa vizuri, jembe la kiganja ambacho bado hakijazaliwa. Mwantum alilitazama, akakaa pale pale kizingitini akisema, "Huyu asimhesabu. Abbasi, mwambie asimhesabu huyu. Wawili nimewazika, huyu simpi mtu."

Hapo ndipo Abbasi alipokumbuka maneno ya Matonya. Akamlaza mkewe kitandani, akachukua bisibisi, akaenda kwenye bawaba ya juu. Akaanza kufungua skrubu ya kwanza. Ilipozunguka mara moja, Mwantum alishika upande wa kitanda. Ilipozunguka mara ya pili alijikunja. Ya tatu, akapiga ukelele ambao Abbasi aliwahi kuusikia mara mbili tu katika ndoa yake, na zote mbili ziliishia kwa kuchimba kaburi dogo nyuma ya nyumba; na Bi Swaumu akiwa ameweka mkono juu ya tumbo la mkwewe akasema mtoto ametulia, hachezi, hachezi kabisa, Abbasi rudisha, rudisha hicho kitu chako, na Abbasi akaikaza ile skrubu mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka chuma kikalia, na ndipo mtoto akapiga teke.

Nyuma yake, kwenye kigoda, mtu akashusha pumzi. Akasema kwa upole, kwa sauti ya mtu mzima anayesemea ndani ya mtungi, "Nyumba ya watu haibomolewi, mgeni."

Abbasi hakugeuka. Angegeuka vipi?

Jioni hiyo alikimbia stesheni kumtafuta Mwalimu Khamisi. Huyu alikuwa fundi wa pampu ya maji ya gari la moshi, mfupi, mwenye hasira za karibu, mikono imejaa grisi, na ndiye huyo huyo aliyesomesha watoto Kurani na kuwatibu wenye majini kati ya gari na gari. Hakupenda kupotezewa muda. Alipofika kwa Abbasi akajipangusa mikono kwenye kanzu, akasimama nje ya mlango wa mbele kama mwungwana, akabisha, "Hodi!"

Abbasi, aliyekuwa nyuma yake, akafungua mdomo amkaribishe. Akawahiwa.

"Karibu, mwalimu," ikasema sauti ndani ya sebule. "Pita, keti."

Mwalimu Khamisi alikuwa ameshainua mguu. Akaurudisha chini, taratibu. Akarudi nyuma hatua tatu, akamvuta Abbasi kwa shati mpaka nyuma ya zizi, na hapo Abbasi akaona jasho linamtiririka mwalimu kwenye ndevu ingawa jua lilikuwa limeshapoa.

"Umefanya nini humo ndani?" akamwuliza kwa kunong'ona.

Abbasi akamweleza yote. Mwalimu akasikiliza bila kumkatiza, na hilo kwake halikuwa jambo la kawaida.

"Msomee, mwalimu. Mfukuze."

"Nimfukuze yeye? Wewe Abbasi, una akili? Aya nikizisoma zitamtoa mgeni. Mgeni humo ni nani? Yule anayefunguliwa mlango au yule anayefungua? Nikisoma leo, watakaotolewa ni ninyi, na wa kwanza kutolewa ni yule wa tumboni, maana ndiye mwenye nguvu ndogo."

Abbasi akakaa chini kwenye mavi ya mbuzi bila kujali. "Basi tumekwisha."

"Hamjaisha. Mshukuruni Mungu kwamba ana adabu. Angekuwa jini mhuni mngeshazikwa. Huyu anafuata sheria za ugeni, hata majembe aliwapa siku yake ilipofika. Basi na ninyi zifuateni. Mgeni akitaka kuondoka anafanyaje? Anaaga. Mwenyeji mwema hamzuii mgeni aliyeaga mara tatu. Ondokeni kesho asubuhi, mwende kwenu Kondoa, na mlango huo msiuguse tena maisha yenu. Na mkeo asizalie humo. Umenisikia? Mtoto akizaliwa ugenini, mwenyeji ana haki ya kumpa jina siku ya saba. Na atakayempa jina mtoto huyo, mtoto ni wake."

Wakafunga mizigo jioni ile ile. Lakini uchungu haumsubiri mtu apakie punda. Kabla ya alfajiri Mwantum akashikwa, na jua lilipochomoza Bi Swaumu alikuwa ameshampokea mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti, juu ya kile kitanda kipana kilicholeta yote haya. Abbasi akalia. Mwantum akalia. Wakawa wanacheka na kulia pamoja, na katikati ya kicheko hicho wakasikia sebuleni mtu mmoja, peke yake, anapiga vigelegele.

Mlango ukabishwa kwa ncha ya kidole. "Mtoto gani?" sauti ikauliza.

Mwantum akamkumbatia mtoto kifuani, akatikisa kichwa kuwakataza wenzake.

"Haidhuru," ikasema. "Siku ya saba nitamwona. Jina ninalo."

Siku nne hizo walizokaa ili Mwantum apate nguvu za kupanda punda, sitaki hata kuzieleza sana. Walikaa chumbani wote, wanalishana uji wa jana, wanatoka wakibanwa tu, na kila wakitoka karibu, na kila wakirudi mtu anawafungulia mlango kabla hawajaugusa, bawaba za Kidachi hazilii hata kidogo. Abbasi alisema mkono wake ulikuwa unawasha kushika shoka. Mkewe alimlaza mtoto katikati yao, akawa anaamka kila mara kumhesabu vidole.

Siku ya tano asubuhi wakaaga.

Walisimama watatu mbele ya kile kigoda kitupu, Mwantum na mtoto mgongoni, Bi Swaumu na furushi lake kichwani, na Abbasi mbele, kofia mkononi. Mwalimu Khamisi alikuwa amewafundisha maneno, na alikuwa amewakazia: mkifika korongo la kwanza mwambieni arudi, mseme ahsante, na baada ya ahsante mfunge midomo.

"Mwenyeji wetu," Abbasi akasema. "Tumekaa, tumekula, tumeshukuru. Tunaomba ruhusa twende."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikawajaa puani.

"Mapema hivi?" ikauliza sauti. "Na mtoto hajapata jina."

"Tunaomba ruhusa twende."

"Majembe yenu hata hamjayashika. Shamba langu kubwa."

"Tunaomba ruhusa twende," Abbasi akasema mara ya tatu.

Kigoda kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anaponyanyuka. "Haya. Mgeni hazuiwi. Lakini si vizuri mwondoke peke yenu kama wezi. Nitawasindikiza."

Wakatoka. Mwantum akapanda punda, akamhamishia mtoto mapajani, wakashika njia ya kaskazini. Punda alikuwa amelaza masikio, anakwenda mbio mbio bila kuchapwa. Njia ile ina mchanga, na mchanga hausemi uongo. Abbasi alikuwa mbele, mama yake nyuma yake, na nyuma ya mama yake, taratibu, bila haraka, mchanga ulikuwa unakanyagwa na mtu wa tatu. Na Mwantum aliyekuwa juu ya punda na kuona vizuri kuliko wote, aliutazama mchanga ukibonyea wenyewe, hapa unyayo, pale unyayo, miguu mipana ya mtu aliyezoea kutembea peku, ikakaribia, ikampita Bi Swaumu, ikaja mpaka ubavuni mwa punda, ikaanza kwenda sambamba naye.

"Umechoka, mwanangu," ikasema sauti kwenye usawa wa goti lake. "Nipe mtoto nikupokee."

Si ndiyo desturi yetu? Msindikizaji hampiti mgeni aliyebeba mzigo. Anampokea. Mwantum alimfunika mtoto kwa khanga yote, akasema, "Sijachoka."

"Nipe nikupokee. Njia ni ndefu."

"Sijachoka, bwana."

Wakaenda. Mtoto akalia. Kila alipolia mchanga ulisogea karibu zaidi, hata ubavu wa punda ukawa unabonyea kidogo kana kwamba mtu kauegemea, na Abbasi alitembea akitazama mbele tu, ngumi zimefungwa, machozi yanamtoka bila sauti, anasoma kila aya aliyoijua tangu utoto na nyingine anazichanganya, na alipozimaliza akaanza tena.

"Mara ya tatu na ya mwisho," ikasema sauti. "Nipe mtoto."

"Sikupi," akasema Mwantum. "Nimembeba miezi minane, nitambeba mpaka Kondoa."

Mchanga ukasimama. Kisha ukarudi nyuma, na Bi Swaumu, aliyekuwa anatembea kwa shida na furushi lake zito la vyungu na nguo, akahisi limekuwa jepesi. Halafu likamwondoka kichwani kabisa. Likawa linakwenda hewani kando yake, usawa wa bega la mtu mrefu, halitikisiki. Bibi wa watu alikazana kutembea shingo imenyooka vile vile, kana kwamba bado amelibeba, kwa kuogopa kuonyesha kwamba ameona.

Korongo la kwanza lilikuwa kavu, mawe matupu. Abbasi akasimama. Akageuka, mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Tumefika pa kuagana," akasema. "Ahsante. Rudi."

Wakasubiri. Upepo ulikuwa umekoma hata majani ya miiba hayakutikisika. Furushi likashuka polepole, likawekwa juu ya kichwa cha Bi Swaumu, likasawazishwa vizuri lisimwumize shingo, kata yake ya kichwani ikarekebishwa.

"Haya," ikasema sauti. "Safari njema. Wasalimieni wa huko."

"Ahsante sana, baba," Bi Swaumu akasema. "Mungu akulipe. Nawe karibu kwetu."

Neno lilitoka lenyewe. Miaka sitini alikuwa akilisema kwa kila aliyemtua mzigo, kwa kila aliyemwonyesha njia, na siku hiyo halikumwuliza ruhusa. Hakujua kwamba amelisema mpaka alipomwona mkwewe anamtazama kwa macho yaliyotoka.

"Mama," Mwantum akanong'ona. "Mama, umesema nini?"

"Nimesema nini?"

Kisha akajisikia. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, furushi likaanguka, vyungu vikapasuka.

Nyayo ziligeuka, zikarudi kwa njia ya Dodoma, hazina haraka. Walizitazama mpaka mchanga ukatulia. Abbasi akamwinua mama yake. Akamwambia mama usilie, hakuitika, hakuuliza kwetu ni wapi, na asiyeuliza njia hafiki. Alimwambia hivyo siku nzima, na kesho yake tena, mpaka naye mwenyewe akaanza kuyaamini maneno yake.

Siku ya saba ya mtoto iliwakuta njiani, Haneti, nyumbani kwa mtu aliyewapa kivuli. Abbasi hakungoja jua lipande. Akamchukua mtoto, akamwadhinia sikioni, akamwita Hassani mbele ya watu, kwa sauti kubwa, mara tatu. Wakapika uji, wakagawa. Mwantum akacheka kwa mara ya kwanza tangu watoke Dodoma. Akamwambia mumewe, "Nyumba utakayotujengea, milango utaitengeneza wewe, lakini inafungukia wapi nitaamua mimi," na Abbasi, fundi asiyekubali kosa, akasema, "Nilikosea, mke wangu." Hata Bi Swaumu akala siku hiyo.

Siku ya kumi mchana wakaingia Kondoa. Mdogo wake Bi Swaumu, mama mmoja mzee mwenye macho yenye ukungu, alitoka mbio akipapasa hewani, anapiga vigelegele, watoto wa mtaa nyuma yake.

"Shikamoo, mama mdogo," Abbasi akasema.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Mbona mmechelewa hivyo? Nipeni mjukuu wangu." Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mwantum, akambusu paji la uso. "Mwenzenu kafika tangu juzi. Mtu mzima, ana adabu huyo! Kaniambia dada Swaumu ndiye aliyemkaribisha. Simwoni vizuri kwa macho yangu haya, lakini nimempa chumba cha ndani, kapumzika. Na habari zote za mtoto kanipa yeye, hata jina."

Akamwinua mtoto juu, akamwita.

Hakumwita Hassani. Alimwita kwa jina jingine, jina refu, la zamani, ambalo hakuna kati yao watatu aliyewahi kulisikia. Na mtoto yule wa siku kumi, ambaye njia nzima kutoka Haneti walimwita Hassani, Hassani, naye kimya, alifumbua macho, akakaza shingo, akageuka kumtazama aliyemwita.